Mita Tano za Kwenye Kioo Zina Maana Gani?



Tangu tuanze kuandika namba za GPS katika taarifa za miradi, swali moja hurudi kila mara: kwa nini kisima kimoja kina namba mbili tofauti? Wapo wanaonong'ona kwamba labda kisima chenyewe hakipo. Tuliweke wazi jambo hili, maana linagusa uaminifu kati yetu.

Kipokezi cha GPS hupima muda ambao mawimbi ya redio hutumia kutoka kwenye setilaiti zisizopungua nne, kisha hukokotoa mahali kilipo. Mawimbi hayo hucheleweshwa angani, na mengine hugonga kuta au mabati kabla ya kufika. Kwa hiyo kila kipimo kina kosa lake. Kioo kikiandika "mita 5", hicho ni kipimo cha duara, wala si ahadi. Kwenye simu za Android maana yake ni kwamba kuna nafasi 68 katika 100 kuwa mko ndani ya duara hilo.

Hadi Mei 2000 Marekani ilikuwa ikiharibu usahihi huo kwa makusudi, na kosa liliweza kufika mita 100. Leo, mahali peupe, simu hukosea kwa mita kama 5. Basi vipimo viwili vinavyopishana mita 8 vyaweza kabisa kuwa vya kisima kilekile.

Tofauti ikikaribia mita 300 kuelekea kaskazini au kusini, tusimshuku mtu kwanza. Tuulize kama namba moja ilitoka kwenye ramani za zamani zenye mfumo wa Arc 1960, ilhali GPS hutumia WGS 84.

Tunaziomba kamati zifanye hivi: simameni mahali peupe, mbali na miti na kuta, subirini dakika chache, andikeni tarehe, mfumo wa ramani na ukubwa wa duara. Tarakimu tano baada ya nukta zatosha, kwani ya tano ni kama mita 1 tu.

Mwisho, mipaka ya viwanja vya sharika isipimwe kwa simu. Mita 5 hazidhuru kisima, lakini zaweza kutugombanisha na jirani. Hapo tumwite mpimaji ardhi aliyesajiliwa.