Kumpokea Mlezi Mpya

Hotuba iliyosomwa na karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Tumepewa heshima ya kusema mbele yenu juu ya Nyumba ya Watoto ya Chama chetu, na hasa juu ya jambo moja ambalo katika taarifa za miaka iliyopita halikupata hata mstari mmoja, yaani jinsi tunavyompokea mtu mpya anapokuja kufanya kazi humo. Hesabu za fedha mtazisikia kwa Mweka Hazina. Sisi twaomba kuwaeleza kosa tulilolifanya, na dawa tunayoiona.

Hapana haja ya kueleza kwa nini nyumba ile ilianzishwa. Kila mmoja wetu amewaona akina mama wa mtaa huu wakitoka alfajiri kwenda Marikiti na Gikomba ili wapate bidhaa kabla bei haijapanda, na mtoto mgongoni amelala. Wazee wengine wanakumbuka, au walisimuliwa na wazazi wao, vijiji vya wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952, ambamo watoto waliachwa kwa mama mmoja au wawili huku wenzao wakienda kazi za lazima. Wakati ule mlezi alikuwa jirani. Alimjua mtoto, na mamaye, na nyanyaye. Leo watoto wetu 34 watoka ploti mbalimbali, na mlezi aweza kutoka kaunti ya mbali asimjue mtu hata mmoja. Mambo yamebadilika, nasi hatukubadilika pamoja nayo.

Mwaka uliopita mlezi wetu mmoja alikwenda likizo ya uzazi, nasi tukamwajiri binti mmoja mahali pake. Jina lake hatulitaji. Alikuwa na cheti cha malezi ya watoto wadogo, tena msafi na mwenye adabu. Alianza kazi Jumatatu. Alhamisi ya juma lile lile mtoto mmoja alishikwa na homa, mlezi mkuu akamchukua hadi zahanati, na mlezi mwingine alikuwa jikoni. Saa kumi na moja jioni mwanamume alifika langoni akamwita kwa jina mtoto mwenye umri wa miaka mitatu. Mtoto akamkimbilia akisema, "Baba!" Yule binti alipoiona furaha ya mtoto, alifungua lango akawaaga.

Alikuwa baba kweli. Lakini wazazi hao wametengana na shauri lao lilikuwa mahakamani, na mama alikuwa ametuandikisha kwamba mtoto asipewe mtu yeyote ila yeye mwenyewe au dada yake. Mama alipofika saa kumi na mbili, kilio chake kilisikika hata barabarani. Tulikwenda kituo cha polisi, tukatuma vijana huku na huko. Mtoto alipatikana saa tatu usiku kwa nyanya yake katika mtaa mwingine, mzima, ameshiba na amelala. Twamshukuru Mungu. Lakini kwa muda wa saa tatu hapana mtu aliyejua kama ataonekana.

Kamati ilikutana kesho yake ikamwachisha binti yule kazi. Mazungumzo hayakuchukua hata robo saa, na yeye mwenyewe hakuitwa. Sisi ndio tulioandika barua ile, nasi tuliiandika bila kusita.

Majuma matatu baadaye, tulipokuwa tukipanga majalada, tulitafuta karatasi ya kuonyesha kwamba alifundishwa kazi. Haikuwako. Tukalifungua daftari la watoto. Kando ya jina la mtoto yule palikuwa na alama ya kalamu nyekundu, na maana ya alama hiyo ilijulikana na watu wawili tu: mlezi mkuu, na yule aliyekuwa likizoni. Tena daftari lenyewe lilikuwa likikaa katika droo iliyofungwa, na siku ile ufunguo ulikuwa katika mkoba wa mlezi mkuu, naye yuko zahanati.

Tuliyapeleka hayo kwa Mwenyekiti jioni ile ile. Kamati ikamwita binti, naye akaja pamoja na mama yake. Mwenyekiti alimwuliza ni mambo gani aliyoonyeshwa siku ya kwanza. Akajibu kwa sauti ndogo, "Nilionyeshwa jiko, choo, na mahali pa kuweka mkoba." Hapana aliyesema neno kwa kitambo. Ndipo Mwenyekiti aliposimama akamwomba radhi mbele ya mama yake. Barua ikafutwa, na haki zake akalipwa. Tulimsihi arudi. Alishukuru, akakataa, kwa kuwa amekwisha pata kazi mahali pengine. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yataka mfanyakazi asikilizwe kabla ya kuachishwa kazi kwa ajili ya kosa. Sisi tulimsikiliza baadaye, na kwa haraka ile tukampoteza mlezi mwema.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tulimpa jembe asubuhi ya kwanza, wala hatukumwonyesha mpaka wa shamba. Kisha alipolima shamba la jirani tukamfukuza.

Twajua wako wanaosema kwamba mwanamke aliyezaa watoto watano hahitaji kufundishwa kulea. Neno hilo lina heshima yake, wala hatulipuuzi. Lakini watoto watano wa nyumbani huja mmoja mmoja, na mama huwajua wote tangu kuzaliwa. Hapa mlezi hukabidhiwa watoto wanane wa rika moja kwa siku moja, kila mmoja na mama yake, chakula chake na ugonjwa wake. Tena yako mambo ambayo hata mama zetu hawakufundishwa. Wengi wao waliambiwa kwamba mtoto mchanga alazwe kifudifudi; leo waganga hutuambia alazwe chali, juu ya godoro gumu, bila mto, kwa sababu kulala kifudifudi huongeza hatari ya kufa ghafla usingizini. Uzazi ni shule kubwa, lakini haumwonyeshi mtu daftari letu.

Basi, huu ndio utaratibu ambao Kamati imeuandika, nao ulianza kufuatwa mwezi wa Januari mwaka huu.

Kwanza, kabla mtu hajaja. Alete kitambulisho, cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, na kama atashika chakula, cheti cha afya. Barua za sifa zisisomwe tu. Karani na aongee na watu wawili waliofanya kazi naye, awaulize kama wangemwachia mtoto wao wenyewe. Hata akiwa binti wa mwanachama, mambo haya yasipunguzwe. Apewe pia barua ya masharti ya kazi: mshahara, saa, likizo, na muda wa majaribio, ambao kwa sheria hauzidi miezi sita.

Pili, siku ya kwanza. Siku hiyo mlezi mpya asihesabiwe katika idadi ya walezi. Asubuhi asimame langoni pamoja na mlezi mkuu, ajulishwe kwa kila mama kwa jina, naye ayajue majina ya watoto. Kisha wakae wasome daftari ukurasa kwa ukurasa: nani aruhusiwa kumchukua mtoto huyu, nani ana pumu, nani hawezi kula mayai. Alama za siri zimekwisha. Kila jambo laandikwa kwa maneno, na daftari hukaa mahali ambapo kila mlezi aweza kulifikia. Mwisho wa siku wote wawili hutia sahihi.

Tatu, juma la kwanza. Mgeni hufuatana na mlezi wa zamani na kutazama. Hujifunza kunawa mikono kwa sabuni baada ya kumbadilisha mtoto nepi na kabla ya kugusa chakula. Kupima joto la uji kabla ya kulisha. Kutowapa wadogo njugu nzima wala peremende ngumu, kwa kuwa zaweza kuwapalia. Hujifunza kusoma kijitabu cha kliniki, ajue kwa mfano kwamba chanjo ya surua hutolewa katika miezi 9 na tena katika miezi 18, ili amkumbushe mama aliyesahau. Huambiwa wazi pia kwamba fimbo, kofi na kufinya havimo katika nyumba yetu. Katiba ya mwaka 2010 imekataza adhabu ya viboko, nayo yasema kwamba katika kila jambo limhusulo mtoto, manufaa yake yatangulie.

Nne, juma la pili. Sasa mgeni hufanya kazi, na wa zamani hutazama. Huambiwa pia ni nani wa kumwendea akiona mtoto anaumizwa, hata kama anayeumiza ni mlezi mkuu au mmoja wetu wa Kamati. Na iwapo hatusikii, iko namba 116 ya kusaidia watoto, ambayo hupigwa bila malipo.

Mtauliza: faida yake imeonekana wapi? Mweka Hazina ametupa ruhusa tuisimulie. Mwezi wa Februari alikwenda kumchukua mjukuu wake, na langoni akamkuta mlezi mpya mwenye siku tisa tu kazini. Mlezi akamsalimu kwa heshima, akampa kiti kivulini, akalitazama daftari, kisha akamwambia, "Mzee, jina lako halimo." Mzee alikasirika. Alimweleza kwamba yeye ndiye anayeweka sahihi katika mshahara wake. Mlezi akajibu, "Ni kweli, mzee, lakini jina halimo," akampigia mama wa mtoto simu. Mama akaja, mzee akaandikishwa, wakaenda zao. Usiku ule Mweka Hazina alitupigia simu, nasi tukadhani amekuja na mashtaka. Akasema tu, "Yule msimpoteze."

Wazee wetu na wanachama, utaratibu huu wataka fedha. Majuma mawili ambayo mlezi mpya hahesabiwi ni nusu ya mshahara wa mwezi mmoja, kwa kila mtu anayeajiriwa. Wako watakaosema kwamba vijana hawakai, na kwamba twamfundisha mtu ili aende kwingine. Huenda. Lakini yule binti hakuondoka kwa kuwa tulimfundisha. Aliondoka kwa kuwa hatukumfundisha. Na akiondoka mtu aliyefundishwa vema, watoto atakaowakuta huko aendako nao ni watoto.

Kwa hiyo twauomba Mkutano huu mambo mawili. La kwanza, mkubali gharama ya majuma hayo mawili iwekwe katika makisio ya kila mwaka, isiwe hisani ya Kamati. La pili, kila mzazi na kila mzee aliye na mtoto katika nyumba ile afike juma hili kutazama daftari na kuhakikisha majina. Akizuiwa langoni, asione haya wala asikasirike. Ajue kwamba mtoto wake analindwa.