Kipofu wa Yeriko na Mkimbiaji wa Kikuyu

Nasema na ninyi mlioko Kaloleni, Makongeni, Mbotela, na hasa ninyi wa Jericho, kwa maana habari yetu ya leo ilitokea Yeriko. Katika Injili ya Marko, sura ya 10, tangu mstari wa 46, twamwona Bartimayo, kipofu, ameketi kando ya njia akiomba. Alipopaza sauti, watu walimkemea anyamaze. Tena waliomkemea hawakuwa adui za Yesu. Walikuwa katika msafara wake!

Sasa mkumbukeni Henry Wanyoike wa Kikuyu. Mwaka 1995, akiwa kijana wa miaka 20 hivi, alipatwa na kiharusi, akapoteza karibu kuona kwake kote. Mkimbiaji akawa mtu wa kushikwa mkono. Alikwenda Machakos akajifunza kufuma sweta, apate riziki. Baadaye akarudi mbioni, mkono wake umeunganishwa kwa kamba fupi na mkono wa mwenzake anayeona.

Mwaka 2000, huko Sydney, Australia, katika Michezo ya Olimpiki ya Walemavu, alikimbia mita 5,000. Mwenzake hakuwa mzima siku ile. Walipokaribia mwisho, nguvu zilimwishia yule mwenye macho. Wanyoike alifanyaje? Alimvuta! Alimtia moyo na kumkokota, kipofu akimwongoza kiongozi, mpaka wakavuka mstari, akatwaa dhahabu. Mwaka 2004, kule Athens, alishinda mita 5,000 na mita 10,000, akiongozwa na Joseph Kibunja, rafiki yake wa tangu utoto.

Lakini, wapendwa, macho ya Wanyoike hayakurudi. Ya Bartimayo yalirudi. Hapo wengi wetu hukwama. Nimewasikia Wakristo wakimwambia mlemavu kwamba hajapona kwa kuwa imani yake ni haba. Neno hilo ni ovu, nami silisemi kwa upole. Ni kumkemea Bartimayo mara ya pili, na safari hii tukilitumia jina la Yesu mwenyewe.

Angalieni Bwana alivyofanya. Alisimama. Akaagiza aitwe, na walioagizwa ni watu wa msafara ule ule. Kisha akamwuliza anataka afanyiwe nini. Haja ya kipofu ilikuwa wazi kwa kila mtu, walakini Yesu aliuliza. Sisi hatuulizi, twatia shilingi mkononi, twapita upesi tusichelewe ibada.

Labda huko Umoja, ghorofa ya tatu, yuko mama mwenye mtoto asiyeweza kutembea. Mtoto amekuwa mzito, mgongo wa mama hauwezi tena, na majirani husema mama huyo amepoa kiroho. Wazee wa kanisa, mlango wenu una ngazi ngapi? Zihesabuni Jumapili hii kabla kengele haijalia. Halafu pandeni mpaka kwake, mbishe hodi, mmwulize anataka nini. Msiende na jibu mfukoni.