Kilomita Tatu na Nusu za Mlima

Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa kwa wakazi wa kata mjini Lushoto, Jumamosi ya pili ya mwezi, baada ya mazoezi ya pamoja



Serikali ilipoitenga Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi, mwishoni mwa mwaka 2016, wengi waliitikia, na leo tena uwanja umejaa. Jambo hilo ni jema. Hata hivyo, Jumamosi hizo zikihesabiwa ni 12 tu kwa mwaka mzima, na moyo wa binadamu haufuati ratiba ya mwezi. Mazungumzo haya yanahusu siku nyingine: Jumatatu hadi Ijumaa, asubuhi mtu anapokwenda kazini na jioni anaporudi.

Yuko mama mmoja, karani wa masijala, mwenye umri wa miaka 46, ambaye amekubali habari zake zisimuliwe ilimradi jina lake lisitajwe. Nyumba yake iko juu ya mji, upande wa barabara iendayo Irente. Ofisi yake iko chini, mjini. Kati ya mlango na mlango ni kilomita tatu na nusu. Anayeijua njia ile hahitaji kuelezwa: asubuhi ni mteremko wa kushika breki, jioni ni mlima wa kushika kiuno. Kwa miaka mingi mama huyu alikwenda kwa bodaboda na kurudi kwa bodaboda, akakaa kitini kutwa, akapanda ngazi chache za ofisi na kuziita mazoezi.

Siku moja alimsindikiza mtoto wa jirani zahanati, na muuguzi akamwomba akae apimwe naye. Kipimo kilisoma 156 juu ya 98. Kikarudiwa siku nyingine mbili, jibu likawa lile lile. Shinikizo la damu huhesabiwa kuwa la juu linapofika 140 juu ya 90 katika vipimo vya siku tofauti, nalo kwa kawaida halina maumivu wala dalili. Ndiyo maana watu wengi huligundua likiwa limekwisha kuharibu. Mama huyu hakuhitaji kuambiwa uharibifu wenyewe ukoje. Nyumbani kwake, katika chumba cha kwanza, amelala mama yake mzazi, ambaye kiharusi kilimpooza upande wa kulia akiwa na miaka 58. Kila asubuhi humlisha uji kwa kijiko kabla ya kwenda kazini. Kutoka 46 hadi 58 ni miaka 12. Hesabu hiyo aliifanya pale pale kwenye benchi la zahanati.

Daktari alimwandikia vidonge, akamshauri apunguze chumvi na afanye mazoezi. Vidonge alivimeza. Chumvi ilipungua kwa ugomvi, maana nyumba nzima ilinung'unika. Mazoezi ndiyo yaliyomshinda. Alfajiri anamhudumia mgonjwa, jioni anapika, na usiku si wakati wa mwanamke kukimbia barabarani peke yake. Mashauri ya afya mara nyingi hutolewa kana kwamba kila mtu ana saa moja ya akiba aliyoiweka kabatini.

Saa hiyo aliipata barabarani. Stoo ilikuwamo baiskeli ya kijana wake aliyekwenda kusoma Tanga: fremu ya chuma, nzito, isiyo na gia, tairi zimelala. Fundi aliifufua kwa siku mbili.

Ipo imani ya siku nyingi kwamba baiskeli ni chombo cha watu wa tambarare, wa Mombo na Korogwe, na kwamba mtu wa milimani baiskeli yake huikokota zaidi ya kuipanda. Kwa upande wa usafiri imani hiyo ina haki yake. Kwa upande wa afya mambo hugeuka. Kwenye tambarare, mtu akishakolea mwendo, baiskeli humbeba. Kilomita tatu na nusu zinaweza kwisha kwa robo saa bila moyo kushtuka. Mlimani hakuna kubebwa. Mtu wa kilo 70 akiwa na baiskeli ya kilo 18, katika kila mita 100 za kimo anazopanda, amenyanyua kilo 88 kwa miguu yake mwenyewe, hadi juu kabisa. Misuli mikubwa kuliko yote mwilini, ya mapaja na makalio, hudai damu nyingi, moyo hulazimika kuisukuma, na mapafu hufunguka. Kwa hiyo njia fupi yenye mwinuko humpa mtu mwenye muda mdogo kile ambacho njia ndefu ya tambarare ingempa kwa muda mrefu.

Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima afanye, kwa juma, angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani, au dakika 75 za mazoezi makali. Kipimo cha nyumbani ni rahisi: anayeweza kuzungumza lakini hawezi kuimba yuko katika wastani, anayetoa neno moja moja huku akihema yuko katika makali. Karani huyu, wiki za mwanzo, alitumia dakika 45 kupanda, na zaidi ya nusu ya njia aliikokota baiskeli. Aliona aibu, akidhani kukokota ni kushindwa. Si kushindwa. Kuisukuma baiskeli mlimani kwa miguu ni mazoezi kamili, na kwa mwili uliokaa miaka 20 kitini ndiyo njia ya busara ya kuanza. Alijiwekea alama: wiki hii apande baiskeli hadi kwenye mkaratusi wa kwanza, kisha akokote, wiki ijayo hadi kwenye daraja dogo, inayofuata hadi kwenye kona ya duka. Hakuwahi kuruka alama mbili kwa wiki moja.

Aibu nyingine ilikuwa ya watu. Mtumishi wa ofisi, mama wa makamo, gauni limefungwa kwa kanga, chini suruali, anahema mlimani! Vijana wa bodaboda waliokuwa wakimchukua kila siku walimwita kwa huruma ya kweli: "Shikamoo mama. Leo hela imekwisha? Panda, utalipa kesho." Jirani mmoja alimwuliza mumewe kwa sauti ya chini kama mshahara umesimamishwa. Baiskeli imewekwa na jamii katika daraja la umaskini, na yeyote anayeshuka kwenye pikipiki ili apande baiskeli huonekana ameanguka. Jambo hili linazuia watu wengi kuliko mlima wenyewe, na hakuna fundi wa kulirekebisha. Mama huyu alipata jibu moja akalitumia kwa wote: "Ni dawa, nimeandikiwa." Waliisha kuuliza.

Kisha ukaja mwezi wa Aprili, na masika. Hapa panahitaji kukaa kidogo, kwa kuwa hatari ya baiskeli milimani haiko kwenye kupanda. Nguvu ile ile iliyotumika kuvipandisha mtu na chuma hadi juu huwangoja asubuhi kwenye mteremko, na kinachosimama kati yao na mtaro ni vipande vinne vya raba, kila kimoja kidogo kuliko kidole gumba. Rimu za chuma zikilowa, raba hizo huteleza, na breki iliyokuwa ikishika kwa mita tano hushika kwa mita nyingi zaidi. Karani alikuwa ameshuka mteremko huo wiki nyingi bila tatizo, na mazoea yakawa yamekaa mahali pa uangalifu. Raba za nyuma zilikuwa zimelika mpaka kwenye chuma. Asubuhi moja ya mvua alibana, baiskeli haikusikia, akaingia mtaroni pamoja na mafaili aliyokuwa ameyafunga nyuma. Goti lilishonwa nyuzi nne.

Nyumbani shauri likakatwa kwamba basi, inatosha. Mumewe aliifungia baiskeli stoo, na kwa wiki tatu mama akarudi kwenye bodaboda. Mwisho wa wiki ya tatu alipopanda ngazi za ofisi akahisi kifua kizito kama zamani. Mazoezi yana tabia hiyo: faida yake huchelewa kuja na huwahi kuondoka. Alimwomba mumewe ufunguo, naye akautoa kwa sharti moja, kwamba baiskeli iende kwa fundi kwanza.

Aliyoyafanya fundi yanafaa kusikiwa na kila mwenye baiskeli katani. Alibadilisha raba zote nne na kamba zote mbili za breki. Aliondoa friwili ya nyuma yenye meno 18 akaweka yenye meno 22. Kwa badiliko hilo peke yake, nguvu ya kukanyaga mlimani hupungua kwa karibu moja ya tano, ingawa kwenye tambarare miguu huzunguka upesi zaidi. Alipandisha kiti. Wengi hukaa chini mno, magoti yakipanda kifuani, kisha hulalamika kuwa baiskeli inaumiza magoti. Kiti kilicho sawa huuacha mguu unyooke karibu wote kanyagio likiwa chini kabisa. Alijaza upepo, kwa kuwa tairi laini huufanya mlima kuwa miwili. Akamfundisha na namna ya kushuka: abane breki zote mbili kidogo kidogo tangu mwanzo wa mteremko, asingoje mwendo ukolee, siku ya mvua abane mapema zaidi ili raba ziifute rimu maji, asibane ya mbele peke yake kwenye kona, mwili uwe nyuma kidogo ya kiti, na akae upande wake wa kushoto, asikate kona hata barabara ikiwa tupu, kwa kuwa lori la kabeji halipigi honi kabla ya kona zote. Ukungu wa Juni na Julai ukishuka, taa ya mbele na kitu cheupe mgongoni si mapambo.

Suala la jasho, linaloulizwa sana, ni dogo. Anayeishi juu hufika ofisini mkavu na hutokwa na jasho anaporudi, kwake mwenyewe. Anayeishi chini na kufanya kazi juu abebe shati la pili na kitaulo, aondoke dakika kumi mapema.

Sasa matokeo, yasemwe kama yalivyo. Baada ya miezi minane mama huyu alikuwa amepungua kilo mbili tu. Alitarajia kumi, akahuzunika. Lakini hesabu haikumdhulumu: kupanda mita 100 za kimo kwa uzito ule uliotajwa huunguza takriban kilokalori 90, na chai ya vijiko vitatu vya sukari pamoja na andazi moja kubwa huzirudisha zote na chenji juu. Anayepanda mlima ili apungue mwili, bila kuangalia sahani, atakatishwa tamaa. Kilichobadilika kilikuwa mahali pengine. Zahanati kipimo kilisoma 134 juu ya 84. Alipanda njia yote kwa dakika 25, na hizo ni dakika 125 za kuhema kwa siku tano, kupita zile 75 zinazoshauriwa. Usingizi ulirudi. Alitaka kuacha vidonge, daktari akakataa, akamweleza kuwa namba hizo ni kazi ya vidonge, chumvi na mlima kwa pamoja, na hakuna anayejua ukiondolewa mmoja wengine watabeba kiasi gani. Asiyejaribu kulijua kwa kujikisia anafanya vema. Vivyo hivyo, mwenye maumivu ya kifua, anayezimia au anayeishiwa pumzi akiwa amekaa, asianze na mlima. Aanze na daktari.

Jioni moja ya Julai, ukungu ukiwa umelala juu ya mikaratusi, alipita alama zake zote hadi nyumbani bila mguu kugusa ardhi. Mama yake, ambaye maneno yake ni machache tangu alipopooza, alisikia kengele ya baiskeli mapema kuliko kawaida. Akauliza kama leo hapakuwa na kazi.

Barabara ina sehemu yake katika habari hii. Mfuniko wa mtaro uliovunjika, kokoto zilizomwagika kwenye kona na shimo lililofichwa na maji ni vitu vidogo kwa gari, lakini kwa mwenye baiskeli vinaweza kuwa mwisho wa safari. Barabara za wilaya ziko chini ya wakala wa barabara za vijijini na mijini, TARURA, na taarifa hufikishwa kwa urahisi kupitia kwa mwenyekiti wa kitongoji au ofisi ya Mtendaji wa Kata. Taarifa itaje mahali penyewe: kona ipi, upande upi, karibu na nyumba au mti gani. "Barabara ni mbovu" haimpeleki fundi popote.

Leo, nyuma ya jukwaa, wauguzi wana mashine mbili za kupimia shinikizo la damu. Anayetaka kupimwa apumzike kwanza angalau nusu saa, dakika tano za mwisho akiwa amekaa kimya, kwa kuwa wote mmetoka kukimbia. Chini ya mti ule wa upande wa soko yuko fundi, na raba za breki anazo. Waliokuja kwa baiskeli waziache kwake wakati wanapanga foleni.