Maji ya Matunda na Mpaka Wake

Maneno ya leo yahusu maji ya matunda, kinywaji kipendwacho sana wakati wa futari.

Katika Burundi yajulikana zaidi maji ya ndizi, yaani umutobe. Ndizi mbichi hufukiwa shimoni siku kadhaa hata ziive, kisha humenywa, hukamuliwa pamoja na majani makavu, na maji yake huchujwa. Yakinywewa siku ile ile ni matamu, tena ni halali pasi na shaka. Walakini maji hayo hayo yakitiwa unga wa mtama na kuachwa siku mbili tatu, hugeuka urwarwa, nayo ni pombe. Hata bila ya mtama, joto la Bujumbura latosha kuyachachusha. Basi mtu asijidanganye kwa jina. Atazame povu, na ukali ulimini.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akirowekewa zabibu kavu. Kwa mapokezi ya Ibn Abbas katika Sahihi ya Muslim, alikunywa kinywaji hicho siku hiyo, na kesho yake, na kesho kutwa mpaka jioni. Kikisalia, humpa mtumishi au huamuru kimwagwe. Wanavyuoni wameeleza: hutolewa kikiwa hakijabadilika, na humwagwa kikibadilika. Wenye kuuza maji ya matunda mwezi wa Ramadhani na watazame hapo, kwani wako waiwekao ndoo tangu juzi, wakazidisha sukari ili kuuficha uchachu. Huko ni kughushi katika biashara, na ni kumpa aliyefunga kitu cha shaka kwa mikono miwili.

Kwa upande wa siha, tunda zima ni bora kuliko maji yake, kwa kuwa nyuzi zake huichelewesha sukari kuingia damuni. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya maji ya matunda, isizidi sehemu 1 katika 10 ya nguvu ipatikanayo katika chakula cha siku. Mwenye kisukari, kabla ya kuzoea kufuturu kwa bilauri za maji matamu, amwulize tabibu. Na maji ya kuchanganyia yachemshwe kwanza, kwa hofu ya kipindupindu. Asiyeyapata maji ya matunda yaliyo safi, tende na maji ya kunywa vyamtosha.