Kabla ya Kushusha Giaboksi
Mazungumzo na wamiliki wa magari madogo



Nimepewa nafasi ya kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huanza na mshtuko mdogo wa gari asubuhi, na mara nyingi huishia kwenye meza zetu za malalamiko: giaboksi ya otomatiki iliyobadilishwa nyumbani, ikaharibika tena, na muuzaji akakataa kuipokea. Mimi si fundi. Ni mtumishi wa mamlaka inayolinda haki zenu mnaponunua bidhaa. Hata hivyo, mtu hawezi kumlinda mnunuzi wa giaboksi bila kujua giaboksi huuawa na nini. Imenilazimu kujifunza, na sehemu ya somo hilo niliipata katika familia yetu.

Baba yangu mdogo, mwalimu mstaafu wa Morogoro, alinunua Toyota IST kwa sehemu ya kiinua mgongo chake ili lifanye kazi ya teksi. Siku moja gari lilianza kuchelewa kuitika kila mkono wa gia ulipowekwa kwenye D. Baadaye likawa linaunguruma bila kusogea. Fundi wa jirani akasema giaboksi imekufa. Wakanunua nyingine iliyotumika kwa shilingi 900,000, wakaifunga uani chini ya mwembe, na gari likatembea vizuri. Mwezi haukuisha, maradhi yale yale yakarudi. Safari hii aliitwa fundi mwingine, naye kabla ya kushika spana alichomoa kijiti cha kupimia mafuta. Mafuta hayakuwa mekundu na maangavu kama yapasavyo kuwa. Yalikuwa mazito, yenye rangi ya maziwa yaliyotiwa waridi.

Katika magari mengi, mafuta ya giaboksi hupozwa kwa kupitishwa ndani ya rejeta. Njia hiyo ikitoboka, maji na mafuta huchanganyika, na sahani za klachi zilizomo ndani ya giaboksi hubanduka ngozi yake ya msuguano. Rejeta iliyoiua giaboksi ya kwanza ndiyo iliyoiua ya pili. Baba mdogo aliporudi dukani, muuzaji alimwuliza swali moja tu: "Mzee, risiti yako iko wapi?" Risiti haikuwapo.

Kwa hiyo neno langu leo ni hili: tusishushe giaboksi kabla ya kujua imeharibiwa na nini, na tusitoe fedha kabla ya kuandikiwa tunachonunua.

Tuanze na uchunguzi, ambao mwenye gari anaweza kuufanya mwenyewe nyumbani. Hatua ya kwanza ni mafuta. Kwa magari mengi ya Toyota yenye kijiti cha kupimia, gari lisimame mahali tambarare, breki ya mkono ikiwa imevutwa na injini imekwisha kupata moto. Ukiwa umekanyaga breki, peleka mkono wa gia katika kila nafasi kisha urudishe P. Injini ikiendelea kuunguruma, chomoa kijiti, kifute, kirudishe, ukichomoe tena na kusoma alama za joto. Magari mengi ya Honda hupimwa mara tu baada ya injini kuzimwa, na yapo magari yasiyo na kijiti kabisa, ambayo hupimwa kwa chini na fundi mwenye vifaa. Fuateni kitabu cha gari lenu.

Mafuta yakipungua, giaboksi hukosa shinikizo, na gari huchelewa kuitika au huteleza. Yakizidi hutoa povu, na povu nalo haliwezi kuleta shinikizo. Yakiwa meusi na yenye harufu ya kuungua, klachi za ndani zimeanza kuteketea. Yakiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Liache gari hapo lilipo na uanze na rejeta.

Hatua ya pili ni kujua kama mafuta yaliyomo ni ya aina yake. Hapa wengi wetu huumia. Toyota IST la toleo la kwanza, lililoanza mwaka 2002, lina giaboksi ya gia nne. Mengi ya toleo lililofuata mwaka 2007 yana giaboksi ya CVT, ambayo haina gia za kawaida bali mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili. Kwa nje mwendeshaji huona P, R, N na D zile zile. Lakini mafuta ya CVT hutengenezwa ili mkanda ushike puli bila kuteleza, na ukimimina humo mafuta ya kawaida ya otomatiki unaanza kuiharibu giaboksi nzima. Hata miongoni mwa zisizo za CVT, Toyota yenyewe ina mafuta ya T-IV na ya WS, na kila giaboksi imeandikiwa yake. Anayekwambia kwamba mafuta yote mekundu ni sawa anakupotosha.

Hatua ya tatu ni kulipima gari kwa mashine. Kompyuta ya gari huhifadhi namba za hitilafu. Namba P0700 hueleza tu kwamba mfumo wa giaboksi umeripoti tatizo. Zinazofuatana nayo ndizo huelekeza mahali. P0750, kwa mfano, huhusu vali ya umeme inayobadili gia. Vali kama hiyo, au waya wake uliokatika, mara nyingi hurekebishwa bila kuishusha giaboksi. Ombeni namba hizo ziandikwe kwenye karatasi. Kauli ya "mashine imesema giaboksi" haitoshi.

Hatua ya nne ni kuchunguza vilivyo pembeni. Maunti ya injini iliyokatika hupiga kishindo unapoingiza R, ukadhani kitu kimevunjika ndani. Betri dhaifu au sensa ya mwendo iliyoharibika huweza kuichanganya kompyuta ikabadili gia ovyo. Mwisho, fundi afungue bakuli la chini la mafuta mbele ya macho yako. Uji mwembamba wa kijivu kwenye sumaku zake ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma, au mabaki mengi ya klachi, ndiyo ushahidi kwamba ndani kumeharibika. Hapo ndipo tunapoweza kuzungumza juu ya kununua nyingine.

Ndugu zangu, tukifika dukani tusiulize bei kwanza. Tutoke nyumbani na maandishi ya kibao cha utambulisho cha gari, ambacho hukaa kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti, kwa kuwa kibao hicho hutaja aina ya giaboksi. Giaboksi mbili zinaweza kufanana kwa umbo na zikatofautiana uwiano wa gia au plagi za umeme. Angalieni mafuta yaliyobaki ndani, nyufa kwenye ganda, na plagi zilizokatwa kwa kisu.

Kisha ombeni risiti ya EFD, na karatasi inayotaja namba ya giaboksi, siku za dhamana, na kitakachofanyika ikishindwa: kurudishiwa fedha, kubadilishiwa, au kutengenezewa. Kama muuzaji anasema imetoka kwenye gari lililotembea kilomita chache, aiandike kauli hiyo. Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi kuhusu ubora wa bidhaa, historia yake au matumizi yake ya awali. Lakini kauli ya mdomo ni ngumu kuthibitishwa, na bei nafuu isiyo na karatasi inaweza kuwa ghali kuliko zote. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

Sasa kuhusu kazi yenyewe. Giaboksi ya gari dogo huweza kuzidi kilo 60, na aliye chini yake hana pa kukimbilia. Jeki ni ya kuinulia tu. Baada ya kuinua, gari likalie stendi za chuma juu ya sakafu ngumu, na magurudumu yanayobaki chini yawekewe vigingi. Matofali hupasuka bila kutoa ishara, na udongo wa uani hudidimia. Kama huna stendi, sakafu ngumu na mtu wa pili, kazi hii haifai kufanyika nyumbani. Mpelekee mwenye karakana. Gari husubiri, mtu hana badala.

Kwa walio na vifaa, waanze kwa kuondoa waya hasi wa betri na kumwaga mafuta. Injini ishikiliwe kwa juu kabla ya maunti kufunguliwa. Bolti zinazoiunganisha toki konveta, yaani lile kopo la mafuta lililo kati ya injini na giaboksi, zifunguliwe kabla ya kuivuta giaboksi, ili kopo litoke pamoja nayo.

Wakati wa kurudisha, sukuma kopo hilo huku ukilizungusha mpaka lizame hatua kwa hatua na kukaa kabisa katika pampu. Kisha giaboksi ikutane na injini kwa mikono, bila nguvu ya bolti. Ikibaki nafasi, usiivute kwa kukaza bolti, maana pampu itavunjika kabla gari halijawaka. Mirija ya kupozea isafishwe, na rejeta yenye shaka ibadilishwe, la sivyo taka na maji ya zamani vitaingia katika giaboksi mpya. Tia mafuta sahihi, washa, pita nafasi zote za gia ukiwa umekanyaga breki, pima tena, na utazame kama panavuja. Itunze giaboksi ya zamani hadi siku za dhamana zipite, kwa maana nayo ni ushahidi.

Ndugu Mwenyekiti, giaboksi mpya ikileta tatizo ndani ya muda wa dhamana, mwenye gari asiifungue. Akiifungua, muuzaji atadai kwamba yeye ndiye aliyeiharibu. Apige picha, aandike tarehe na kilomita, amjulishe muuzaji kwa maandishi, na asiposikilizwa aje kwetu akiwa na karatasi zake.

Baba mdogo hakurudishiwa hata shilingi moja. Alibadilisha rejeta, akanunua giaboksi ya tatu akiwa na risiti na dhamana ya maandishi, na hadi leo kijiti chake kinatoka na mafuta mekundu. Huwa anasema kwamba alifundisha watoto kusoma kwa miaka 30, kisha akanunua kitu bila kusoma chochote. Amenipa ruhusa niwasimulie habari yake, akisema kwamba akipona hata mmoja kati yenu, fedha zake hazikupotea bure.