Kichwa Kinapouma Baada ya Sparingi: Wajibu wa Kocha

Mada kwa semina ya makocha, wazazi na mabondia chipukizi, Kiminini

Utangulizi



Nina ombi moja leo. Kichwa cha bondia kikiuma baada ya sparingi, yaani pigano la mazoezi, sparingi isimame mpaka tujue kinauma kwa nini. Nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe, nikiwa kocha, niliwahi kukosea. Kijana wangu mmoja aliteremka ulingoni akishika paji la uso. Nikamwambia ajikaze. Akameza Panadol, kesho yake akarudi. Nilipomwona ameinama akifunga kamba za kiatu, akizifungua na kuzifunga tena kama mtoto anayejifunza, ndipo niliposhtuka. Mchanganyiko wa ngumi aliokuwa akiujua kwa miezi ulikuwa umempotea. Alipona baada ya majuma kadhaa. Kupona kwake siwezi kujisifia, maana mimi ndiye niliyemrudisha.

Kinachotokea ndani ya kichwa

Mnayaona madumu ya maziwa yanayosafirishwa kwa bodaboda kwenda Kitale. Hata ukilifunga dumu kwa blanketi nene, pikipiki ikiruka shimo, maziwa ndani yatagonga ukuta. Ubongo nao unaelea katika majimaji ndani ya fuvu. Ngumi ikikizungusha kichwa ghafla, ubongo hubaki nyuma kidogo, kisha huvutwa na kujipinda. Huo ndio mtikisiko wa ubongo, na unaweza kutokea bila bondia kuanguka wala kuzirai.

Kofia ya kujikinga ni lile blanketi. Inapunguza majeraha ya usoni na michubuko, lakini haizuii ubongo kutikisika. Tuivae, ila isitupe ujasiri wa kupigana kama siku ya fainali.

Ni kweli si kila maumivu ya kichwa ni mtikisiko. Kiu, njaa, shingo iliyokaza au kofia iliyobana huleta maumivu pia. Lakini hakuna kocha anayeweza kuyatofautisha kwa macho. Basi tuchukulie kwamba ni mtikisiko mpaka mhudumu wa afya aseme vingine.

Somo la Wangila

Robert Wangila Napunyi alituletea dhahabu kutoka Seoul mwaka 1988, na ndiye Mkenya pekee aliyewahi kushinda dhahabu ya Olimpiki katika ndondi. Tarehe 22 Julai 1994, huko Las Vegas, mwamuzi alisimamisha pigano lake na David Gonzalez. Wangila alipinga uamuzi huo. Alijiona bado ana nguvu. Baadaye akapoteza fahamu katika chumba cha kubadilishia nguo, na tarehe 24 akafariki, akiwa na umri wa miaka 26.

Bondia si shahidi wa kutegemewa kuhusu kichwa chake mwenyewe. Damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu huku mtu akizungumza vizuri. Kwa hiyo, tusimwache kijana aliyepigwa kichwani aende nyumbani peke yake. Mzazi apigiwe simu, na usiku huo pawe na mtu wa kumwangalia.

Dalili za kukimbiza hospitali

Maumivu yanayozidi, kutapika mara kwa mara, usingizi mzito usio wa kawaida, degedege, ulimi mzito, mkono au mguu kulegea, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine: hapo hatungoji asubuhi. Itafutwe gari, asipandishwe bodaboda, apelekwe Kitale au Bungoma, popote palipo karibu. Asipewe aspirini wala Brufen kabla ya kuonwa na daktari, kwa kuwa zinaweza kuongeza uvujaji wa damu.

Kurudi ulingoni

Wataalamu waliokutana Amsterdam mwaka 2022 walishauri mapumziko ya wastani ya saa 24 hadi 48, kisha kurudi kwa ngazi: kutembea na mazoezi mepesi, kukimbia na kuruka kamba, halafu mazoezi ya ufundi bila kupigwa. Kila ngazi ichukue angalau saa 24. Ngumi za kichwa zirudi mwisho kabisa, dalili zikiwa zimekwisha na daktari ameridhia. Kwa aliyeshindwa kuendelea na pigano kwa sababu ya ngumi za kichwa, kanuni za ndondi za ridhaa zimeweka angalau siku 30 bila pigano wala sparingi. Tuziheshimu hata pale ambapo hakuna afisa anayetutazama.

Mapendekezo

Kwanza, sparingi nzito iwe nadra. Siku nyingi tufundishe kwa ngumi za kugusa tu.

Pili, wapiganaji walingane uzito na uzoefu, na glavu za sparingi ziwe za aunsi 16 kwa watu wazima.

Tatu, neno "jikaze" lisitumike kwa mtu anayelalamikia kichwa.

Nne, kila klabu iwe na daftari kando ya ulingo: tarehe, nani alipigwa kichwani, alisema nini, nani alimpeleka nyumbani.

Hitimisho

Daftari ni shilingi chache. Siku ile kijana wangu alipoteremka akishika paji la uso, ningekuwa nalo, ningeandika "kichwa kinamuuma", na kesho yake nisingemvalisha glavu. Naomba kila kocha aliye hapa aanze lake jioni ya leo, kabla kengele ya kwanza haijalia.