Kuanzisha Biashara Ndogo ya Nguo Katika Nchi ya Pamba

Mazungumzo na vikundi vya akina mama na vijana, Bariadi

Nimeombwa kuzungumza nanyi juu ya kuanzisha biashara ndogo ya nguo. Huenda wapo watakaouliza: Haki na Amani inahusikaje na cherehani na mitumba? Jibu ni fupi. Palipo na fedha pana maswali ya haki: nani aliitolea jasho, nani anaishika, nani anadaiwa, na nani anaachwa mikono mitupu. Biashara ya nguo inagusa maswali yote hayo, na hapa kwetu inayagusa kwa namna ya pekee, kwa kuwa tunaishi katika nchi ya pamba.

Neno langu la leo ni hili: muuza nguo wa Bariadi anaishi kwa mfuko wa mkulima wa pamba. Mkulima akilipwa haki yake na kwa wakati, duka huchangamka. Akipunjwa au akicheleweshwa, duka hulala njaa pamoja naye. Kwa hiyo anayetaka kuanza biashara hii hana budi kuyajua majira ya pamba, kujihadhari na madeni, na kuitetea haki tangu nyumbani kwake hadi kwenye mizani ya mkulima.

1. Pamba inakwenda, nguo zinarudi

Mkoa wetu wa Simiyu, uliotengwa hasa na Mkoa wa Shinyanga mwaka 2012, una wilaya tano: Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega. Ndio mkoa unaoongoza nchini kwa kilimo cha pamba. Kilo 100 za pamba itokayo shambani, ikichambuliwa kiwandani, hutoa kiasi cha kilo 35 hadi 40 za nyuzi. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni mbegu, ambazo hukamuliwa mafuta. Nyuzi hufungwa marobota, na mengi ya marobota hayo huuzwa nje ya nchi yakiwa bado malighafi. Huko husokotwa, hufumwa, hutiwa rangi na kushonwa. Kisha nguo hurudi kwetu, nyingine mpya, nyingine zilizokwisha kuvaliwa na kufungwa katika mabelo. Katika kila hatua ya safari hiyo kuna mtu aliyepata ujira, lakini ujira huo haukulipwa Bariadi.

Nia ya awali haikuwa hiyo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 taifa lilijenga viwanda vyake vya nguo. Urafiki cha Dar es Salaam kilifunguliwa 1968 kwa msaada wa China. Kanda ya Ziwa nayo ikapata Mwatex mjini Mwanza na Mutex mjini Musoma. Viwanda hivyo vilielemewa na uhaba wa fedha za kigeni na vipuri, pamoja na uendeshaji dhaifu. Kuanzia 1984 serikali ilipolegeza masharti ya kuingiza bidhaa, nguo za nje, mitumba ikiwamo, ziliingia kwa wingi. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa mitumba hatua kwa hatua hadi 2019. Wafanyabiashara wa Marekani walipinga, na nchi yao ikatishia kuondoa nafuu iliyoziruhusu bidhaa zetu kuingia huko bila ushuru. Rwanda ilishikilia msimamo wake, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafuu hiyo. Nchi nyingine, Tanzania ikiwamo, zilirudi nyuma.

Nimeyaeleza haya ili mwenye meza ya mitumba sokoni asijione mkosaji, wala fundi cherehani asimwone mwenzake adui. Wote wawili wanafanya kazi mwishoni mwa mnyororo ambao hawakuufunga wao.

2. Chagua kazi unayoiweza

Zipo njia tatu za kuanzia, na kila moja ina shida yake.

Ya kwanza ni kushona. Yahitaji ufundi, cherehani, na mahali pa kukaa, hata kama ni baraza ya duka la mtu mwingine. Faida yake ni kwamba mteja mara nyingi huja na kitambaa chake, hivyo fundi haweki fedha nyingi katika mali. Hasara yake ni kwamba fundi asiye mwaminifu wa siku hupoteza wateja upesi. Anayeahidi Ijumaa na kutoa Jumatano ya wiki ya pili amekwisha kumfukuza mteja huyo na jirani zake.

Ya pili ni mitumba. Yahitaji jicho na miguu: jicho la kuchagua, na miguu ya kuifuata minada ya vijijini. Anayeanza asikimbilie kununua belo zima, kwa maana belo hununuliwa limefungwa, na aliyelifungua akakuta nguo mbovu hana wa kumlalamikia. Ni afadhali kununua nguo za kuchagua kwa waliokwisha kufungua, hata kama bei ya kila moja ni juu kidogo, mpaka mkono uzoee.

Ya tatu ni kuuza vitambaa vipya, yaani khanga, vitenge na vitambaa vya sare za shule. Njia hii hula mtaji mwingi, na rangi zisizopendwa hubaki rafuni zikifungia fedha yako. Inawafaa zaidi wanaoanza kwa kikundi.

3. Fuata majira ya pamba

Fedha haipatikani sawasawa mwaka mzima. Pamba hupandwa mvua zinapoanza, Novemba na Desemba, na huuzwa kuanzia Mei hadi Agosti au Septemba. Wakati huo mkulima hununua shati, mama hununua kitenge, na harusi hufuatana. Sikukuu za Desemba huleta wateja tena, na Januari huleta sare za shule. Lakini Februari hadi Aprili familia nyingi zimo katika palizi na akiba ya chakula inapungua. Mwenye busara hanunui mali nyingi mwezi Februari, wala hakubali mkopo ambao marejesho yake mazito yanaangukia Machi. Miezi hiyo ni ya kurekebisha nguo, kutia viraka, kubadilisha zipu, na kutunza kidogo kilichopatikana.

Hapo linaingia jambo la kukopesha wateja. Mteja husema, "Nitakulipa tukiuza pamba." Ni maneno ya kweli, lakini pamba yenyewe ina mashaka. Mwaka 2019 bei ya dunia ilishuka, wanunuzi wakasita kununua kwa bei elekezi ya shilingi 1,200 kwa kilo, na wakulima wengi wa Kanda ya Ziwa walingoja fedha zao kwa miezi. Mkulima asipolipwa, naye hawezi kumlipa muuza nguo. Kwa hiyo weka mpaka: jumla ya mali uliyokopesha isizidi kiasi ambacho, hata kikichelewa mwaka mzima, duka litasimama. Na kila deni liandikwe, mdaiwa akiwepo.

4. Daftari ni sehemu ya mtaji

Biashara nyingi ndogo hufa bila mwenyewe kujua ugonjwa. Dawa ni daftari lenye safu tatu: tarehe, kilichoingia, kilichotoka. Sabuni ya nyumbani ikinunuliwa kwa fedha ya duka, iandikwe kuwa imetoka.

Tuchukue mfano. Fundi anashona shati la shule. Kitambaa ni shilingi 5,000, uzi na vifungo 700, sehemu ya kodi na umeme 600. Jumla ni 6,300. Akiliuza kwa 8,000 hubaki na 1,700. Akishona mashati manne kwa siku anabaki na 6,800. Wengi wataita fedha hiyo faida na kuitumia yote. Lakini huo ni ujira wa mikono yake tu. Biashara yenyewe bado haijapata kitu cha kukuza mtaji wala cha kutengeneza cherehani siku itakapoharibika. Basi atenge hata shilingi 500 kila siku kwa ajili ya biashara, ndipo ajilipe.

Daftari pia hupunguza kodi. Kwa viwango vya kodi ya mapato kwa wafanyabiashara wadogo vilivyoanza Julai 2019, ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi 4,000,000 hatozwi. Anayeuza kati ya 4,000,000 na 7,000,000 bila kumbukumbu alipangiwa 100,000. Mwenye kumbukumbu alipangiwa asilimia 3 ya kile kinachozidi 4,000,000. Aliyeuza 5,000,000 na kuandika atalipa 30,000. Daftari limemwokolea shilingi 70,000. Kabla ya kuanza, uliza katika ofisi ya kodi viwango vinavyotumika mwaka huo, na katika halmashauri uulize habari za leseni na ushuru wa soko.

5. Mkopo unaojenga na mkopo unaokausha

Watu wameupa mkopo mbaya jina linaloustahili: kausha damu. Tuseme mama amekopa shilingi 200,000 kwa riba ya asilimia 20 kila mwezi, kwa miezi sita. Riba peke yake ni 240,000, zaidi ya fedha aliyokopa. Hakuna meza ya nguo itakayozaa faida hiyo. Mwisho wake ni cherehani kuchukuliwa, na mara nyingi ugomvi nyumbani, kwa sababu mume au mke hakujua habari ya deni.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka kila mkopeshaji awe na leseni, na Benki Kuu imeweka ukomo wa riba kwa wakopeshaji wadogo wasiopokea amana kuwa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa riba hiyo, mkopo ule ule wa miezi sita ungeleta riba isiyozidi 42,000. Una haki ya kuomba kuiona leseni, kusoma mkataba, na kupewa nakala. Usitie dole gumba kwenye karatasi usiyosomewa.

Zipo njia bora zaidi. Kikundi cha kuweka na kukopa kinachotunza hesabu mbele ya wanachama wote ni mwalimu mzuri. Tena sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejeshwa 2024. Kikundi kijiandikishe na kufuatilia kwa ofisi ya maendeleo ya jamii. Mkopo huo ni haki iliyowekwa kisheria, na mtu asikubali kuununua kwa hongo.

6. Haki nyumbani na kazini

Katika nyumba nyingi za hapa kwetu mama hulima, hupalilia na kuchuma pamba bega kwa bega na mumewe, lakini siku ya malipo hamwoni aliyeshika fedha mpaka jioni, na pengine hata jioni hiyo hamwoni. Kisha tunashangaa kwamba hana mtaji. Mtaji wake upo. Umo ndani ya marobota yale. Sheria ya Ndoa ya 1971 inampa mke haki ya kuwa na mali yake mwenyewe, na katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Akina baba, ketini na wake zenu kabla ya msimu mkubaliane. Nanyi akina mama, msifiche biashara wala deni. Siri ya fedha huzaa ugomvi.

Haki hiyo imfikie pia mwanafunzi wa ushonaji. Msichana anayekuja kujifunza asigeuzwe mtumishi wa kuteka maji mwaka mzima. Andikeni muda wa mafunzo, atakachofundishwa, na atakachopata akianza kushona kazi za wateja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14.

7. Mizani ya mkulima ni mizani yako

Turudi tulikoanzia. Mwaka 1955 wakulima wa Kanda ya Ziwa waliunganisha vyama vyao vya ushirika katika Shirikisho la Victoria, wakiongozwa na Paul Bomani, kwa sababu walichoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Ushirika huo ulikua, ukavunjwa 1976, ukafufuliwa kwa sheria ya 1982, ukayumba tena. Leo wakulima huuza kupitia vyama vya msingi vijijini mwao. Basi mkutano wa chama unapoitishwa kusoma hesabu, fundi cherehani ambaye ana ekari mbili za pamba asiseme, "Mimi nina duka." Aende, asikilize, aulize. Shilingi inayopotea kwenye mizani ya kijijini ni shati lisilonunuliwa mjini.

Anzeni na kidogo mlicho nacho, kiandikeni, na msiache mtu yeyote apunjwe ili ninyi mpate.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Katika kijiji chetu, nani hushika fedha ya pamba, na nani huamua itumikeje?
2. Ni miezi gani biashara ya nguo hulala hapa kwetu? Tunaweza kufanya nini katika miezi hiyo?
3. Je, wapo kati yetu waliobanwa na mikopo ya riba kubwa? Kikundi kinaweza kuwasaidiaje bila kuwaaibisha?
4. Mara ya mwisho hesabu za chama chetu cha msingi zilisomwa lini, na nani aliuliza swali?